Biashara ya Chini ya Ardhi Katika Mji wa Rafah

Mtu apitishaye mali mpakani kwa siri, sisi husema amepita njia ya panya. Katika mji wa Rafah, mpakani mwa Gaza na Misri, njia za namna hiyo zilikuwa chini ya ardhi hasa, na kwa miaka kadhaa watu kama milioni moja na nusu walizitegemea. Yafaa tujue zilivyofanya kazi, na ni nani aliyelipa gharama yake.

Mji huo uligawanywa mwaka 1982, Waisraeli walipoondoka Sinai kwa mapatano waliyofanya na Misri mwaka 1979. Seng'enge ilipita katikati ya mitaa, ndugu hawa wakawa Gaza na wale Misri. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuchimba mahandaki. Lakini biashara ilikua hasa baada ya Juni 2007, chama cha Hamas kilipotwaa utawala wa Gaza, na Israeli na Misri zikafunga malango. Saruji ikawa adimu, na petroli vilevile.

Kisima kilichimbwa chini ya hema au ndani ya nyumba, kisha handaki likaelekezwa Misri, kuta zake zikishikiliwa kwa mbao. Taa za umeme ziliwashwa ndani, na mizigo ilivutwa kwa winchi. Ilipita saruji, dawa, ng'ombe, na hata magari. Petroli ya Misri, ambayo bei yake ilikuwa ndogo kwa kuwa serikali ya huko iliigharimia, ilipitishwa kwa mipira. Silaha nazo zilipita.

Mwisho magendo hayo hayakuwa siri tena. Watawala wa Gaza waliwatoza wenye mahandaki leseni na ushuru, wakaweka na kamati ya kuwasimamia. Wafanyabiashara wachache walitajirika. Raia wengi walioweka akiba zao katika biashara hiyo walipoteza fedha, maana mahandaki mengi yalipigwa mabomu na ndege za Israeli katika vita vya Desemba 2008 na Januari 2009.

Waliochimba walikuwa vijana maskini wasiokuwa na kazi nyingine. Wengine walifukiwa na mchanga, wengine wakauawa na umeme au mabomu. Hata hivyo wenzao walishuka tena kesho yake, kwa kuwa nyumbani walingojewa chakula.

Tangu Julai 2013 jeshi la Misri liliyabomoa mahandaki kwa wingi, na mwaka 2015 likayajaza maji ya bahari. Biashara ile ikafifia, lakini malango hayakufunguliwa kwa uhuru, na umaskini ukazidi.

Basi tusiwalaumu upesi walioshuka kisimani. Lango likifungwa, njaa haifungwi pamoja nalo. Faida ya magendo iliwafikia wachache wenye nguvu, na hasara ikawaangukia wanyonge. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.