Mapafu Yanapofura: Dawa Zilizojaribiwa na Zilizoshindwa

NI saa nane usiku. Mgonjwa aliyelazwa siku tatu zilizopita kwa nimonia ya kawaida amehamishiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na jamaa zake wameketi kwenye benchi nje ya mlango. Daktari anatoka akiwa na karatasi mkononi. Anawaeleza kwamba mapafu ya mgonjwa wao yamejaa maji, kwamba sasa anapumuliwa na mashine, na kwamba kuna dawa ambayo bado inafanyiwa utafiti. Je, wangekubali mgonjwa wao aingizwe katika utafiti huo?

Wengi wetu tukiulizwa swali kama hilo hujibu kwa haraka. Kuna wanaokataa kwa hofu kwamba mgonjwa wao anageuzwa panya wa maabara. Kuna na wanaosema, "Daktari, mpe chochote kile," wakiamini kwamba dawa mpya lazima iwe bora kuliko ya zamani. Historia ya matibabu ya ugonjwa huu inaonyesha kwamba pande zote mbili zinafaa kutulia kwanza na kuuliza maswali.

Ndani ya pafu la binadamu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Kwa jumla mtu mzima ana vifuko milioni 300 au zaidi. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno kuliko karatasi hii unayosoma, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko damu inakopita. Oksijeni huvuka kutoka kwenye hewa na kuingia katika damu, nayo hewa chafu huvuka kwenda nje. Kazi hiyo huendelea bila sisi kuifikiria, mradi ukuta huo ubaki mzima na mkavu.

Viini vya ugonjwa vikiingia, mwili hutuma askari wake, yaani chembechembe nyeupe za damu. Askari hao hutoa kemikali kali za kuua viini. Aghalabu vita huisha na mtu akapona. Lakini kwa wagonjwa wengine askari huja wengi kupita kiasi, nao hawana shabaha. Kemikali zao hutoboa kuta za vifuko, maji na protini za damu huvuja na kuingia mahali pa hewa, na ule utelezi ambao huzuia vifuko kubanana huharibika. Kwa muda wa saa chache au siku chache mtu huanza kuzama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Madaktari huita hali hii ARDS. Hapa tutaiita jeraha la ghafla la mapafu.

Si nimonia pekee inayolileta. Sumu ya viini kuenea katika damu, malaria kali, ajali ya barabarani, moshi wa nyumba inayoungua, kunusurika kufa maji na hata matapishi kuingia katika njia ya hewa huweza kulianzisha. Mtoto aliyekunywa mafuta taa huumia mapafu kwa njia inayokaribia hiyo, na ndiyo sababu mzazi huonywa asimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mafuta yakirudi juu huingia kwa urahisi kifuani. Mtoto huyo apelekwe hospitalini mara moja.

Watu 12 wa Denver

Mnamo 1967 David Ashbaugh, Thomas Petty na wenzao wa Denver, Marekani, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa 12 waliokuwa na maradhi na majeraha mbalimbali, lakini ambao mapafu yao yaliharibika kwa namna moja. Saba kati yao walifariki. Tangu hapo madaktari wametafuta dawa ya kuyakinga mapafu au kuzima moto huo ukishawaka. Ajabu ni kwamba hatua mbili kubwa zaidi zilizopatikana si dawa hata kidogo.

Ya kwanza ilihusu mashine ya kupumulia yenyewe. Kwa miaka mingi madaktari walimpigia mgonjwa pumzi kubwa ili damu yake ipate oksijeni ya kutosha, jambo lililoonekana la busara. Mwaka 1974 watafiti Webb na Tierney waliwapumulia panya wazima kwa shinikizo kubwa, na mapafu yao yakajaa maji kwa muda usiozidi saa moja. Baadaye picha za eksirei za kompyuta zilionyesha sababu. Katika mapafu yaliyoumia, sehemu kubwa imejaa maji na haipokei hewa. Sehemu iliyobaki wazi ni ndogo, kiasi kwamba mtaalamu Luciano Gattinoni wa Italia aliifananisha na pafu la mtoto mchanga. Pumzi yote ya mtu mzima ilikuwa ikisukumwa katika sehemu hiyo ndogo. Jaribu kuingiza hewa ya tairi la lori katika tairi la baiskeli na utaona kitakachotokea.

Hospitali kadhaa za Marekani zikaamua kupima. Wagonjwa 861 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito, na jingine mililita 6. Uzito huo hukadiriwa kutokana na urefu wa mtu, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayanenepi. Kwa mtu wa kilo 60, basi, ilikuwa mililita 720 dhidi ya 360. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba katika kundi la pumzi kubwa walifariki karibu 40 kwa kila 100, na katika kundi la pumzi ndogo 31. Utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa jibu lilikuwa limeshajulikana.

Hatua ya pili ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Mtu akilala chali, moyo na uzito wa mapafu yenyewe hukandamiza sehemu ya nyuma, nayo hufunga. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka. Katika utafiti uliofanywa hasa nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa 466 wenye hali mbaya walishiriki, na waliogeuzwa walilazwa hivyo angalau saa 16 kwa siku. Katika siku 28 walifariki 16 kwa 100 miongoni mwa waliogeuzwa, na karibu 33 kwa 100 miongoni mwa walioachwa chali. Gharama yake ni mikono ya wauguzi wanne au watano wanaojua kumgeuza mtu bila kung'oa mipira na mirija. Ni dawa gani ya dukani inayoweza kujivunia kupunguza vifo kwa nusu?

Dawa zilizong'aa kisha zikafifia

Orodha ya dawa zilizoshindwa ni ndefu. Hewa ya naitriki oksaidi huongeza oksijeni katika damu kwa siku chache, lakini haijapunguza vifo. Ule utelezi wa mapafu, ambao umeokoa maelfu ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati tangu Fujiwara wa Japani alipoonyesha manufaa yake mwaka 1980, haukufaa watu wazima walioumia mapafu. Simvastatini na rosuvastatini, dawa za kupunguza mafuta katika damu, zilijaribiwa kwa sababu zilituliza uvimbe katika maabara. Tafiti mbili za mwaka 2014 hazikuona faida.

Kisa cha salbutamoli kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Hii ni dawa ile ile ambayo wenye pumu huivuta kutoka kwenye kikopo. Katika maabara iliharakisha kunyonywa kwa maji kutoka katika vifuko vya hewa, na katika utafiti mdogo wa wagonjwa 40 kule Uingereza, waliowekewa dawa hiyo katika mshipa walikuwa na maji machache zaidi mapafuni. Kila kitu kilionyesha kwamba dawa imepatikana. Utafiti mkubwa ukaanzishwa. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba umesimamishwa, kwa kuwa waliopewa salbutamoli walikuwa wakifariki 34 kwa 100, na wasiopewa 23. Waliokuwa na bahati ni wale ambao kura iliwanyima dawa mpya. (Mwenye pumu asije akatupa kikopo chake kwa sababu ya habari hii. Kuivuta kwa ajili ya pumu na kuwekewa mfululizo katika mshipa ukiwa mahututi ni mambo mawili tofauti kabisa.)

Vitamini C nayo, ambayo wakazi wa mijini huimeza kama peremende wakati wa mafua, ilijaribiwa kwa vipimo vikubwa ndani ya mshipa kwa wagonjwa 872 ambao sumu ya viini ilikuwa imeenea mwilini. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliofariki au kubaki na viungo visivyofanya kazi walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa vitamini.

Kwa nini dawa zinazoponya panya hushindwa kwa binadamu? Mara nyingi panya hupewa dawa kabla ya kuumizwa au punde tu baada ya hapo, ilhali binadamu hufika hospitalini nyumba ikiwa imeshika moto zamani. Vilevile, wagonjwa hawa hawafanani. Mwaka 2014 Carolyn Calfee na wenzake wa California walionyesha kwamba kuna makundi mawili yanayoweza kutambuliwa kwa vipimo vya damu. Moja, ambalo ni takriban theluthi, lina uvimbe mkali na vifo vingi, na jingine lina uvimbe wa wastani. Takwimu za simvastatini zilipochambuliwa upya mwaka 2018, dawa hiyo ilionekana kana kwamba iliwasaidia wale wa kundi la uvimbe mkali. Hilo si thibitisho, kwa sababu ni uchambuzi uliofanywa baada ya tukio. Hata hivyo, limewafanya watafiti wengi wataka damu ipimwe kwanza kabla ya kuamua nani ajaribiwe dawa ipi. Hata tiba ya chembe changa za mwili, inayosifiwa sana katika matangazo ya biashara, imeonekana kuwa salama tu katika utafiti wa wagonjwa 60 wa mwaka 2019. Haikupunguza vifo.

Steroidi zarudi

Dawa za steroidi zilibishaniwa kwa zaidi ya miaka 40. Hutuliza askari wa mwili, lakini askari wakitulia kupita kiasi viini hupata mwanya. Ubishi ulianza kupata jawabu mwaka 2020, wakati wa Covid-19. Utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine, deksamethasoni ilipunguza vifo kutoka 41 hadi 29 kwa 100. Kwa waliohitaji oksijeni bila mashine faida ilikuwa ndogo zaidi, na kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonekana faida yoyote. Kwa hao, vifo vilikuwa 18 kwa 100 kwa waliopewa na 14 kwa wasiopewa.

Sehemu hiyo ya mwisho haikusikika sana mitaani. Mtu mwenye kikohozi anayejinunulia steroidi katika duka la dawa anaweza kuwa anaficha kifua kikuu, kupandisha sukari ya mwili na kuidhoofisha kinga yake, bila kupata lolote.

Jibu lililotuhusu zaidi lilipatikana hapa nyumbani. Mwaka 2025 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 18 za umma nchini Kenya, ukiwa na wagonjwa wazima 2,180 waliolazwa kwa nimonia. Walioongezewa steroidi za kipimo kidogo walifariki 22.6 kwa 100 katika siku 30, na waliopata matibabu ya kawaida pekee 26. Tofauti hiyo si kubwa kama ile ya kumgeuza mgonjwa kifudifudi, lakini dawa ni ya bei nafuu na ilitolewa wodini, bila kuhitaji chumba cha mahututi.

Jambo hilo lina uzito kwetu. Ufafanuzi wa jeraha hili uliokubaliwa mwaka 2012 ulihitaji mashine ya kupumulia na kipimo cha gesi katika damu ya mshipa mkuu, vitu ambavyo ni adimu katika hospitali zetu nyingi. Watafiti katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali walitumia badala yake kifaa cha kubana kidoleni na picha za mawimbi ya sauti. Mwaka 2016 waliripoti kwamba 4 kati ya kila 100 waliolazwa walikuwa na jeraha hili, na nusu yao walifariki. Ufafanuzi mpya wa kimataifa, uliotoka mwaka 2023, umekubali vipimo hivyo.

Turudi kwenye benchi. Nchini Kenya utafiti wa dawa hauwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili na ya Bodi ya Dawa na Sumu. Muulize daktari kama idhini hizo zipo, na uombe nakala ya fomu. Uliza dawa hiyo imeshajaribiwa kwa watu wangapi, nani atagharamia madhara yakitokea, na kama mgonjwa anaweza kujiondoa bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe ndiyo. Uliza pia mashine imewekwa kutoa pumzi ya mililita ngapi, na kama mgonjwa anaweza kulazwa kifudifudi. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.