Usawa katika Vita Visivyo Sawa: Mapigano ya Kale kama Mchezo wa Ubao katika Mashindano ya Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mapigano ya kale ya eneo la Mediterania yanavyochezwa kama mchezo wa ubao katika mashindano ya mtandaoni. Swali linaloongoza mjadala ni hili: je, matokeo ya mashindano hayo yanaweza kutumiwa kama ushahidi kuhusu vita vyenyewe? Mchezo unaotumika kama mfano ni Commands & Colors: Ancients, na pigano linalochambuliwa kwa kina ni lile la Cannae la mwaka 216 KK. Inaelezwa kwamba haki ya mashindano hutokana na wachezaji kubadilishana pande, wala si kusawazisha majeshi. Hoja kuu ni kwamba idadi ya ushindi hupima mpangilio wa mchezo kuliko inavyopima historia. Hata hivyo, kumbukumbu za uchezaji zina thamani kwa mtafiti anayechunguza jinsi maamuzi yanavyofanywa chini ya vikwazo.

1.0 Utangulizi

Michezo ya ubao inayofahamika zaidi Afrika Mashariki huanza kwa usawa. Katika bao la Kiswahili, kete 64 hugawanywa sawasawa, kila mchezaji akapata 32. Katika sataranji na drafti, kila upande huwa na vipande vilevile. Mshindi akipatikana, aliyeshindwa hawezi kudai kwamba alipewa jeshi dhaifu.

Mchezo unaoiga pigano la kihistoria hauwezi kuanza hivyo. Kwa mujibu wa mwanahistoria Polybius, Warumi waliingia Cannae wakiwa na askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi zaidi ya 6,000, ilhali Hannibal alikuwa na askari wa miguu waliozidi kidogo 40,000 na wapanda farasi wapatao 10,000. Mbunifu akiyasawazisha majeshi haya, mchezo utakuwa wa haki lakini hautakuwa Cannae. Akiyaacha yalivyo, utakuwa Cannae lakini mchezaji mmoja ataanza akiwa na faida. Mvutano huu kati ya uaminifu kwa historia na haki ya ushindani ndio kiini cha makala haya.

Istilahi tatu zinahitaji kubainishwa. *Pigano* ni tukio la kihistoria lenyewe. *Pambano* ni mpangilio wa pigano hilo ubaoni: majeshi, ardhi, idadi ya kadi na masharti ya ushindi. *Mechi* ni jozi ya michezo miwili ya pambano moja baina ya wachezaji wawili.

2.0 Kanuni za Msingi za Mchezo

Commands & Colors: Ancients ulibuniwa na Richard Borg na kuchapishwa na kampuni ya GMT Games ya Marekani mwaka 2006. Ubao wake umegawanywa katika pembesita, 13 kwa upana na 9 kwa kina, na umetengwa katika sehemu tatu: kushoto, kati na kulia. Vikosi huwakilishwa na vipande vya mbao. Kikosi cha askari wa miguu huwa na vipande vinne kwa kawaida, cha wapanda farasi vitatu, na cha ndovu viwili. Kikosi kikipoteza vipande vyote, mpinzani hupata bendera moja. Anayefikisha kwanza idadi ya bendera iliyowekwa na pambano ndiye mshindi.

Mchezaji hawezi kusogeza jeshi lake apendavyo. Kila zamu hucheza kadi moja ya amri kutoka mkononi, na kadi hiyo ndiyo huamua ni vikosi vingapi, au vya aina gani, vitakavyosogea, na aghalabu katika sehemu ipi ya ubao. Mkono ukikosa kadi za upande wa kushoto, vikosi vya kushoto hubaki vimesimama hata kama adui amevikaribia. Idadi ya kadi anazoshika kila mchezaji hutofautiana kwa kila pambano, na kwa njia hiyo ubora wa uongozi wa jemadari wa kihistoria huingizwa katika mchezo.

Mapigano huamuliwa kwa dadu zenye nyuso sita: alama tatu za aina za vikosi (vyepesi, vya wastani na vizito), panga zilizopishana, kofia ya jemadari na bendera ya kurudi nyuma. Askari wa miguu wazito hurusha dadu tano wanapokabiliana na adui aliye katika pembesita ya jirani. Dadu hupiga shabaha ikionyesha aina ya kikosi kinachoshambuliwa au panga. Yaani, uwezekano wa kila dadu ni 1/3. Jemadari akiwa pamoja na kikosi au jirani yake, kofia nayo huhesabiwa, na uwezekano huo hupanda kuwa 1/2.

Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana. Ili kuangamiza kikosi kizima chenye vipande vinne kwa shambulio moja la dadu tano, ni lazima dadu nne au zaidi zipige shabaha. Bila jemadari, uwezekano wa jambo hilo ni 11/243, yaani takriban 4.5%. Akiwepo jemadari, uwezekano ni 6/32, yaani 18.75%. Uwepo wa mtu mmoja huongeza uwezekano huo zaidi ya mara nne. Hivyo basi, kanuni za mchezo zinabeba dai la kihistoria: kwamba katika vita vya kale, mahali aliposimama jemadari palikuwa na uzito mkubwa.

3.0 Kubadilishana Pande kama Msingi wa Haki

Katika mashindano, kasoro ya majeshi yasiyo sawa hutatuliwa kwa utaratibu rahisi. Kila pambano huchezwa mara mbili, na wachezaji hubadilishana pande. Kisha bendera za michezo yote miwili hujumlishwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji A anaongoza Karthago na kushinda kwa bendera 6 dhidi ya 3. Wanapobadilishana, mchezaji B anaongoza Karthago na kushinda kwa 6 dhidi ya 5. Karthago imeshinda mara zote mbili, lakini A amejipatia jumla ya bendera 11 na B amepata 9. A ndiye mshindi wa mechi, kwa sababu akiwa Mrumi alipambana vizuri zaidi kuliko mwenzake alipokuwa katika nafasi hiyohiyo.

Utaratibu huu una matokeo mawili. Kwanza, unaondoa haja ya kuyarekebisha majeshi, na pigano linaingia ubaoni na upungufu wake wote. Pili, unabadilisha maana ya kushindwa. Mchezaji anayeongoza jeshi dhaifu hahitaji kushinda; anahitaji kushindwa kwa tofauti ndogo. Kila bendera anayoipata katika mchezo uliokwisha kuharibika inaweza kuamua mechi.

Kisichoondolewa na utaratibu huu ni bahati. Michezo miwili ni michache mno kuweza kusawazisha dadu na kadi. Ndiyo maana mashindano yenye raundi nyingi hupima umahiri vizuri zaidi kuliko yale ya mtoano, ambamo mrusho mmoja mbaya unaweza kumrudisha mchezaji nyumbani.

4.0 Uchezaji wa Mtandaoni na Suala la Uaminifu

Mashindano ya aina hii huchezwa mara nyingi kwa VASSAL, programu huria inayoonyesha ubao na vipande kwenye kompyuta. Wachezaji wanaweza kukutana kwa wakati mmoja kupitia seva, au kutumiana mafaili ya kumbukumbu ya mchezo kwa baruapepe, kila mmoja akajibu kwa nafasi yake.

VASSAL haisimamii kanuni zote za mchezo. Hutoa ubao, huficha kadi za mpinzani na kurusha dadu, lakini wachezaji wenyewe ndio wanaohesabu mwendo, kuondoa vipande na kukumbushana kanuni. Kwa hiyo kila mchezaji ni mshindani na mwamuzi kwa wakati mmoja. Kwa upande mwingine, programu huandika kila mrusho na kila msogeo katika kumbukumbu inayoweza kuangaliwa upya. Ugomvi ukizuka, ushahidi upo.

Njia hizi mbili hazilingani kwa uthibitisho. Wanaocheza kwa wakati mmoja huona dadu pamoja. Anayecheza peke yake na kutuma faili baadaye anaweza, akikosa uadilifu, kutupa kumbukumbu yenye mrusho mbaya na kuanza nyingine. Waandaaji wanaoruhusu njia ya pili hutegemea heshima baina ya wachezaji. Mtafiti anayetaka kutumia kumbukumbu hizo kama data hana budi kwanza kujua zilipatikana kwa njia ipi.

5.0 Cannae Ubaoni

Mwaka 216 KK, karibu na mto Aufidus kusini mwa Italia, Warumi chini ya Lucius Aemilius Paullus na Gaius Terentius Varro walipanga askari wao wa miguu kwa kina kirefu kuliko kawaida, wakikusudia kuvunja safu ya kati ya Hannibal. Hannibal aliwaweka Wagalia na Waiberia katikati, na Waafrika pembeni. Katikati paliporudi nyuma, Warumi walisonga mbele na kujikuta kati ya Waafrika wa pande zote mbili. Wakati huohuo, wapanda farasi wa Hasdrubal waliwashinda wapanda farasi wa Kirumi upande wa mto, wakazunguka na kushambulia kutoka nyuma. Polybius anataja Warumi wapatao 70,000 waliouawa. Livy anataja askari wa miguu 45,500 na wapanda farasi 2,700.

Ubaoni hakuna kanuni inayomlazimisha Mrumi kuingia mtegoni. Vilevile, vikosi havina mbele wala nyuma, na anayeshambulia kutoka mgongoni hapati dadu za ziada. Msomaji anaweza kudhani kwamba mchezo umeshindwa kueleza kiini cha pigano lenyewe. Maelezo yamo katika kanuni ya kurudi nyuma.

Kikosi kinachoangukiwa na bendera ya dadu hurudi kuelekea upande wake wa ubao. Kikiwa kimepakana na vikosi viwili vya upande wake, kinaweza kupuuza bendera moja. Dhidi ya shambulio la dadu tano, uwezekano wa kupata angalau bendera moja ni takriban 60%, na wa kupata angalau mbili ni takriban 20%. Kwa hiyo kikosi kilichoshikana na wenzake hufukuzwa mara chache sana kuliko kilicho peke yake, na jeshi lililosongamana lina uthabiti mkubwa.

Lakini msongamano huohuo una gharama. Kikosi kinacholazimika kurudi na kukuta pembesita za nyuma zimejaa, ama kwa wenzake ama kwa maadui, hupoteza kipande kwa kila hatua isiyowezekana. Aidha, kikosi kilicho katikati ya msongamano hakimfikii adui, hivyo hakipigani. Askari wa miguu wazito husogea pembesita moja tu kwa zamu, ilhali wapanda farasi wepesi husogea nne. Wapanda farasi wa Karthago wakifika nyuma ya Warumi, nguvu yao kubwa haimo katika dadu wanazorusha bali katika nafasi wanazozikalia: wanaziba njia. Kwa namna hiyo, mchezo unaeleza jambo ambalo takwimu za vifo peke yake hazielezi, yaani jinsi wingi wa watu unavyoweza kuwa ukuta leo na gereza kesho.

6.0 Matokeo ya Mashindano kama Ushahidi

Tuseme mashindano yamekusanya michezo mia moja ya Cannae na Karthago imeshinda mingi. Je, tumethibitisha kwamba Hannibal alistahili kushinda? La hasha. Mbunifu alisoma vyanzo vilevile, akampa Hannibal uongozi na wapanda farasi aliofikiri walistahili, kisha pambano likarudisha kile lilichowekewa. Kuyachukua matokeo hayo kama uthibitisho ni kuzunguka katika duara.

Kuna vikwazo vingine viwili. Mosi, mchezaji wa leo anajua kilichotokea, na Mrumi wa ubaoni huwachunga wapanda farasi kwa tahadhari ambayo Varro hakuwa nayo. Kadi za amri hufidia sehemu ya ujuzi huo: mchezaji anaona hatari, lakini anaweza kukosa amri ya kuikabili. Pili, thawabu ni tofauti. Anayetafuta bendera moja zaidi kwa ajili ya jumla ya mechi atatoa kafara kikosi ambacho jemadari wa kweli angekiokoa.

Pamoja na hayo, kumbukumbu za mechi hutoa kitu adimu: watu wawili wenye ujuzi wakikabili tatizo lilelile kutoka pande zote mbili, huku kila uamuzi ukiwa umeandikwa. Mtafiti anaweza kuuliza mchezaji aliisubiri kadi gani, aliuacha ubavu upi kwa kukosa amri, na ni lini alimpeleka jemadari mstari wa mbele. Maswali hayo yanahusu uamuzi chini ya kikwazo, na hapo data haizunguki katika duara, kwa kuwa mbunifu aliweka vikwazo lakini hakuchagua majibu.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mashindano ya mtandaoni ya mapigano ya kale hupata haki yake kwa kubadilishana pande, na kwamba njia hiyo inaruhusu historia kubaki bila kusawazishwa. Yameonyesha pia kwamba idadi ya ushindi hueleza pambano, na si pigano. Mtafiti anayekusudia kutumia michezo hii anashauriwa kutenganisha mambo matatu: dai la kihistoria lililomo katika kanuni, mpangilio wa majeshi uliochaguliwa na mbunifu, na uamuzi wa wachezaji. La kwanza lipimwe kwa vyanzo vya kihistoria. La pili kwa kulinganisha matokeo ya michezo mingi. La tatu kwa kusoma kumbukumbu za mechi hatua kwa hatua. Yakichanganywa, mchezo hurudia tu kile kilichokwisha kusemwa na Polybius.