Mfasiri Kanisani

Somo: Nehemia 8:1-9

Ezra aliposoma torati mbele ya lango la Maji, Walawi walisimama kati ya mkutano wakieleza maana, hata watu wakafahamu, wakalia. Kusoma peke yake hakukuwatoa machozi.

Nasi hapa Bofa tunao Walawi wetu. Mhubiri asemapo Kiswahili, ndugu mmoja husimama kando yake akifasiri kwa Kigiriama. Wako vijana wanaonung'unika kwamba anairefusha ibada. Lakini yule mama mzee wa benchi la nyuma amekuja kusikia habari za Mulungu. Akikosa mfasiri atarudi nyumbani na sauti tu masikioni.

Kufasiri si jambo jipya pwani hii. Krapf na Rebmann, wamisionari wa C.M.S., walianza kazi Rabai mwaka 1846, wakijifunza maneno kwa wenyeji. Mwaka 1848 Injili ya Luka ikapigwa chapa Bombay kwa lugha waliyoiita Kinyika, jina ambalo Mmijikenda halipendi.

Leo shida imegeuka. Mjukuu anacho Kiswahili, na Kiingereza cha shule, na kule Malindi hata Kiitaliano cha watalii. Bibi akimwombea, hajui ameombewa nini. Nehemia naye aliwakuta watoto wasiojua lugha ya Kiyahudi (sura ya 13), akawapiga baadhi ya baba zao. Mimi sishauri fimbo. Jioni ya leo mwombe bibi akufundishe Sala ya Bwana kwa Kigiriama, kifungu kwa kifungu, nawe umfasirie kwa Kiswahili.