EPA na embe la Makueni

1/ Kwenye midahalo mmoja anasema, "Mkataba wa Ulaya umefungua soko." Mwingine anajibu, "Umetuuza!" Tulieni kidogo niwaeleze.

2/ EPA ya Kenya na Umoja wa Ulaya ilianza Julai 1, 2024. Bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru. Sisi tunafungua soko letu polepole, hadi miaka 25. Mwaka 2014 mazungumzo yalichelewa, baadhi ya bidhaa zetu zikatozwa ushuru karibu miezi mitatu. Kwa hivyo faida ipo.

3/ Lakini ushuru kuisha si masharti kuisha. Mama anayekausha embe Makueni bado lazima athibitishe mabaki ya dawa hayajapita kiwango. Vipimo ni pesa.

4/ Mgombea akisifu ama akiponda mkataba, mimi namuuliza: huyu mama, vipimo atalipiwa na nani?