Mtoto Anapoacha Kurefuka, Utumbo Nao Uulizwe

Kadi ya kliniki huishia mtoto anapotimiza miaka 5. Hadi hapo mama amempeleka kupimwa mara kwa mara, muuguzi ameweka nukta kwenye mchoro, na kila mtu ameona mstari ukipanda. Baada ya hapo mtoto anaanza shule, na mara nyingi hapimwi tena mpaka siku atakapougua. Pengo hili lina gharama, kwa sababu yapo magonjwa yanayoanza hasa katika umri wa shule, na kwa baadhi ya watoto dalili ya kwanza huwa ni kuacha kurefuka. Miongoni mwake ni magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo.

Uvimbe huu si saratani. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageukia utando wa ndani wa utumbo wenyewe. Utando unakuwa mwekundu, unavimba na kufanya vidonda, unatulia kidogo, kisha unawaka tena. Magonjwa makuu ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana peke yake. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn aliyeueleza mwaka 1932 pamoja na wenzake wawili wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, ila hupendelea mwisho wa utumbo mwembamba. Takribani robo ya wagonjwa wa magonjwa haya hugunduliwa wakiwa bado watoto au vijana.

Mtoto mwenye afya, kati ya miaka 4 na 10, hurefuka sentimita 5 hadi 6 kila mwaka. Akibalehe huchomoka: msichana hufikia kama sentimita 8 kwa mwaka, mvulana 9 au 10. Sasa chukua mfano wa mvulana aliyekuwa na sentimita 134 alipotimiza miaka 10, akawa na 137 mwaka uliofuata, na 139 alipofika miaka 12. Mpime leo tu, bila kujua alikotoka, na utasema ni mfupi kidogo ila yuko sawa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya umri wa miaka 5 hadi 19, vilivyotolewa mwaka 2007, bado hajaingia kwenye kundi la wafupi kupita kiasi. Lakini mwaka wa kwanza ameongeza sentimita 3, na wa pili 2. Huyo amesimama. Kimo cha leo hakitoshi kumfichua. Kinachomfichua ni mwendo wake.

Hapo ndipo anapotofautiana na mtoto aliyedumaa kwa lishe duni. Udumavu tunaoujua, ambao kwa takwimu za mwaka 2022 unawagusa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 Tanzania, na 18 kati ya 100 Kenya, huanza mapema, ndani ya siku 1,000 za mwanzo wa uhai. Mtoto wa ugonjwa wa utumbo alikua vizuri, pengine kuliko wenzake wa mtaani, kisha mwendo ukapungua. Nyumbani ishara zipo: sare iliyonunuliwa mwaka juzi bado inamwenea, viatu havijambana, na mdogo wake amemfikia au amempita.

Kwa nini utumbo unaoumwa uzuie mifupa? Jibu rahisi ni chakula, nalo ni kweli kwa sehemu. Mtoto ambaye kila akila tumbo linamsokota hujifunza kula kidogo, na wazazi humwita mchagua chakula. Vidonda navyo huvujisha protini na damu, na utumbo ulioharibika hushindwa kufyonza madini na vitamini, hasa vitamini B12 ambayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Wakati huohuo mwili unaopigana na uvimbe unahitaji nguvu zaidi. Matumizi yanapanda huku mapato yakishuka.

Ila chakula peke yake hakimalizi maelezo. Utumbo unaowaka humwaga kwenye damu kemikali za kinga ziitwazo saitokini, mojawapo ikiwa TNF-alfa. Kwa kawaida, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo hulifikia ini, nalo hutengeneza IGF-1, inayoiamuru mifupa irefuke. Saitokini huliziba ini masikio. Homoni ya ukuaji inakuwepo, ila IGF-1 inapungua. Saitokini hizohizo hushambulia pia gegedu lililo karibu na ncha za mifupa mirefu, mahali hasa ambapo urefu hutengenezwa. Ndiyo maana mtoto anaweza kulishwa vizuri na bado asirefuke, maadamu uvimbe unaendelea.

Kubalehe nako kunachelewa. Msichana aliyefika miaka 13 bila matiti kuanza kuota, au mvulana wa miaka 14 ambaye korodani zake hazijaanza kukua, anastahili kuchunguzwa. Katika ugonjwa wa Crohn wavulana huathirika kimo zaidi ya wasichana.

Jambo la kushangaza ni kwamba ugonjwa wenye dalili za kutisha ndio unaodhuru kimo kidogo. Kolaitisi ya vidonda huleta choo chenye damu, na hakuna mzazi anayevumilia kuona damu kwa miezi. Mtoto hupelekwa hospitali mapema. Crohn iliyojificha mwishoni mwa utumbo mwembamba inaweza kuja na maumivu ya tumbo ya hapa na pale, uchovu, homa zisizoeleweka, vidonda mdomoni au upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Kuharisha si lazima kuwepo. Kwa baadhi ya watoto, kimo hupungua mwendo miezi mingi kabla tumbo halijalalamika.

Katika Afrika Mashariki magonjwa haya yamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya Wazungu, hivyo mtoto huzungushwa kati ya dawa za minyoo, amiba na taifodi. Kuanza na maambukizi ni sahihi, maana ndiyo mengi zaidi. Mtego mkubwa ni kifua kikuu cha utumbo, ambacho hupenda mahali palepale ambapo Crohn hupapenda, na kwa macho vidonda vyake hufanana. Kuvitenganisha ni lazima, kwa kuwa dawa za kutuliza kinga zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn zinaweza kuamsha kifua kikuu. Daktari ataanza na picha ya damu, vipimo vya uvimbe na vya choo, kikiwemo kalprotektini, ambayo hupanda utumbo ukiwa na uvimbe. Uthibitisho hupatikana kwa endoskopia: kamera nyembamba huingizwa ndani ya utumbo, na vipande vidogo vya nyama hukatwa vikapimwe maabara.

Katika tiba kuna jambo wazazi wanapaswa kulijua. Steroidi, kama prednisoloni, hutuliza uvimbe haraka. Mtoto anapata hamu ya kula, mashavu yanajaa, na nyumbani wanashukuru. Lakini steroidi za kila siku kwa miezi mingi nazo huzuia mifupa kurefuka. Uzito unapanda, kimo kimesimama palepale. Zinapotumika ziwe za muda, na zisikatishwe ghafla bila daktari, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe.

Kwa mtoto wa Crohn, ipo njia isiyozuia ukuaji: lishe maalumu ya maji, yenye virutubisho vyote, inayonywewa peke yake badala ya chakula cha kawaida kwa wiki 6 hadi 8. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chapati. Ni kazi ngumu kwa mtoto na kwa jikoni, lakini ugonjwa hutulia kwa takribani watoto 8 kati ya 10, na IGF-1 huanza kupanda mapema. Uji wa lishe wa nyumbani hauwezi kushika nafasi yake, na mpango huu huhitaji mtaalamu wa lishe. Kwa kolaitisi ya vidonda njia hii haifanyi kazi. Baadaye hufuata dawa za kulinda utulivu, kama azathioprini au methotreksati, na kwa walio na ugonjwa mkali, dawa za sindano zinazofunga TNF-alfa, kama infliximab, ambazo bei yake bado ni mzigo kwa familia nyingi. Sehemu ya utumbo ikiharibika kabisa, upasuaji unaofanywa kabla kubalehe hakujakamilika unaweza kumrudishia mtoto mwendo wake.

Tiba hizi zote zinashindana na muda. Samaki mkunje angali mbichi: gegedu la mifupa likishafunga, kwa kawaida kwenye miaka 14 au 15 kwa msichana na 16 au 17 kwa mvulana, hakuna dawa itakayoongeza kimo. Picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto huonyesha muda uliobaki, na mara nyingi huleta habari njema, kwani mifupa ya mtoto mgonjwa huchelewa kukomaa. Akitulizwa mapema, anaweza kufidia sehemu kubwa ya alichokosa.

Kumpima mtoto hakuhitaji hospitali. Avue viatu, asimame wima visigino, makalio na kisogo vikigusa ukuta, atazame mbele. Weka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa, piga mstari kwa penseli, pima kwa futikamba, andika tarehe. Rudia kila baada ya miezi 6. Mtoto ambaye hajabalehe akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, hasa kama ana maumivu ya tumbo au upungufu wa damu, mpeleke kwa daktari pamoja na karatasi hiyo, na mwombe aanze kwa kuisoma.