Usipashe chakula ndani ya mkebe

Ndani ya mkebe wa tomati au samaki mna utando mwembamba kama rangi, unaozuia chuma kisiguse chakula. Baadhi hutengenezwa kwa kemikali iitwayo bisifenoli A.

Wapimaji huuliza mambo mawili: kemikali kiasi gani huingia katika chakula, na mtu anaweza kula kiasi gani kila siku bila kudhurika? Mwaka 2023 wataalamu wa Ulaya walishusha kiasi hicho mara 20,000. Desemba 2024 Ulaya ikaamua kuikataza katika mikebe.

Joto huongeza kemikali inayoingia. Basi mama, hata ukiwa umekimbia vita na huna vyombo, azima sufuria kwa jirani, mimina chakula, ndipo uweke kwenye makala. Na wewe jirani, usimnyime.