Joto Kazini: Mgeni wa Kazi Asiharakishwe

Watu wengi wa Kakamega hudhani kwamba ugonjwa wa joto ni jambo la Mombasa au Turkana, wala si la nchi yetu ya mvua na msitu, iliyoinuka mita 1,500 hivi juu ya bahari. Fikira hiyo si sawa. Mwili ufanyao kazi nzito huzaa joto lake wenyewe, na jasho lisipokauka, joto hilo hukosa njia ya kutoka.

Mtazameni mkata miwa wa Mumias au Malava. Miwa iliyosimama humzuilia upepo, na kwa kuwa hulipwa kwa kadiri ya miwa aliyoikata, hataki kupumzika. Mtazameni pia mpishi wa sukari nguru, asimamaye kando ya masufuria yatokotayo juu ya moto wa makapi ya miwa.

Aliye hatarini kuliko wote ni mgeni wa kazi. Katika miaka ya 1920 na 1930, migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilijifunza jambo hilo kwa vifo vya wachimbaji, hata ikawa desturi kuwazoeza wapya joto kwa siku kadhaa kabla ya kuwapa kazi kamili. Yafaa nasi tufanye vivyo hivyo. Siku ya kwanza mgeni apewe sehemu moja katika tano ya kazi ya kawaida, kisha aongezewe sehemu moja kila siku. Aliyekaa nyumbani wiki nzima au zaidi naye asirudishwe kwa ghafula, maana mazoea hupungua.

Kazi nzito ianze alfajiri. Kila mtu anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu. Na maji yawe karibu naye, si mwisho wa shamba.

Mwenye kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu apumzike kivulini. Lakini akianza kupayuka au akizimia, msidhani amelewa au amerogwa: hiyo ni hatari ya kufa. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, tena mpelekeni hospitali upesi. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpasa kila mwajiri kulinda usalama na afya ya watu wake kazini. Mtungi wa maji na kivuli cha turubai si gharama kubwa. Nyapara yeyote aweza kuvipata kabla ya msimu wa kiangazi.